Zamu ya Usiku Iliyonifuata hadi Chemba

Niliondoka Edmonton, Kanada, kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa imekwisha. Iko Ipagala, Dodoma: vyumba vinne, vigae chini, bati la rangi juu, na geti linaloteleza ukilisukuma kwa kidole. Niliijenga kutoka mbali bila kukopa shilingi kwa mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma habari za nani. Mimi ndiye yule kijana aliyeuza karanga stendi ya Dodoma akiwa na ndala za rangi mbili. Leo nina stashahada ya ugavi na uhifadhi wa mizigo, niliyoisomea jioni kabla ya kuingia kazini, na kwa miaka sita kati ya kumi na moja niliyokaa kule nilikuwa kiongozi wa zamu ya usiku katika ghala la vyakula vya kugandishwa. Watu arobaini walinisikiliza. Hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapo.

Mama yangu, Veronika, alikuwa akiishi peke yake kijijini, upande wa Chemba, tangu baba afariki. Magoti yameanza kumkataa, na zahanati iko mbali. Mara tatu nilimwomba ahamie mjini, mara tatu akakataa. Mara ya nne alinijibu kwenye simu, "Mavuno yakishaingia ghalani, na mbegu ya baba yako ikapata mahali pa kukaa, njoo unichukue." Wiki ile ile nikaandika barua ya kuacha kazi.

Watu wengi wameniuliza niliuwezaje uchovu wa ndege, ule wa mwili kufika nchi moja na usingizi kubaki nyingine. Kabla ya kuondoka nilikuwa na jibu, tena jibu la hesabu. Majira yale saa za Edmonton ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa. Zamu yangu ilianza saa nne usiku, na hiyo kwetu ni saa moja asubuhi. Nilitoka kazini saa kumi na mbili alfajiri, ambayo Dodoma ni saa tisa alasiri. Maana yake, kwa miaka kumi na moja nilikuwa macho wakati Dodoma kuna jua. Wenzangu wanaporudi nyumbani hushinda wamelala na usiku wakitoa macho. Mimi ndege ingenirudisha kwenye saa zangu halali. Niliwaeleza hivyo kwenye karamu ya kuniaga, wakapiga makofi, wakanipa zawadi: koti langu la kazi, jipya, la buluu, zito kama godoro, lile la kuingilia chumba cha baridi. Kifuani walilitarizi jina JON. Mimi ni Yohana, lakini kule jina refu linawapotezea watu muda, na miaka mingi nilishaitika hilo fupi.

Angani nilikaa karibu siku nzima na nusu, nikihesabu na kusubiri kule Ulaya tulikobadilisha ndege. Sikulala. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa Morogoro aliyetoka kumwona bintiye.

"Mwanangu, hulali?" aliniuliza taa zilipozimwa.

"Mama, huu ndio muda wangu wa kazi. Usiku kwangu ni mchana."

Akanitazama mikono. Nilikuwa nimezikusanya trei za chakula za safu yetu yote, nimezipanga juu ya meza yangu, pembe juu ya pembe, bila hata moja kupotoka. "Kazi ipi," akasema, "na uko hewani?"

Nilicheka. Mtu mwenye mpangilio hawezi kuuvua kama kofia.

Dar es Salaam tulitua jioni. Usingizi ulinikamata hotelini kabla ya isha, na saa saba usiku nikawa macho, nimekaa kitandani nikisikiliza feni. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye treni ya umeme kuelekea Dodoma. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mtulivu, nami nikamsimulia historia ya maisha yangu kuanzia karanga. Nakumbuka milima ya Uluguru dirishani upande wa kushoto. Nakumbuka nilikuwa nikimweleza jinsi ya kupanga mzigo usianguke. Nikapepesa macho.

Nilipofumbua, milima haikuwapo. Nje palikuwa pakavu, pana, pekundu, na vichaka vya miiba. Tulikuwa tunaingia Dodoma. Nilikuwa nimekaa wima na kinywa changu kilikuwa kikavu kama cha mtu aliyesema sana. Juu ya vichwa vyetu, mabegi ya behewa lile yalikuwa yamepangwa mazito chini, mepesi juu, mikono yote ikielekea upande mmoja. Mwalimu alikuwa amehamia kiti cha mbali.

"Kazi nzuri, ndugu," aliniambia wakati wa kushuka, lakini hakunipa mkono.

Nilidhani anasifu historia yangu.

Ipagala nililala usiku mmoja. Sitaficha kwamba machozi yalinitoka nilipoliona geti lile. Asubuhi yake fundi Masanja, aliyeweka vigae, alikuja kukabidhi funguo za akiba. Alinikuta kwenye kochi sebuleni, jua likiwa limeshapanda. Maboksi ya vigae vilivyobaki, ambayo yeye aliyaacha ovyo uani, yalikuwa yamepangwa kwa safu za kupishana, tano kwa tano.

"Bosi, umeleta vibarua?" akauliza.

"Si wewe uliyeyapanga?"

"Mimi ndio nafika sasa hivi." Akazunguka lile rundo mara moja, akalisukuma kwa goti. Halikutikisika. "Aliyefanya hivi anajua," akasema. "Ila hajalala huyu."

Niliona anatafuta sifa kwa mzunguko. Nikamlipa, nikafunga safari.

Jumatano mchana nilikodi gari dogo kwenda kijijini. Barabara ya Kondoa inapita Msalato, panapojengwa uwanja mpya wa ndege, kisha lami inanyooka kaskazini kwenye upepo. Ilikuwa Julai, ardhi imevunwa, mabua yamesimama makavu, na chamchela zilikuwa zikitembea mashambani, nguzo za vumbi jekundu, moja huku, moja kule, kama watu warefu wanaotafuta kitu walichodondosha. Ukishapita Chemba unaacha lami, unashika njia ya mchanga kuelekea magharibi. Nilifika kwetu saa kumi.

Mama alikuwa mlangoni, amejifunga kanga mbili. "Shikamoo mama," nikasema. Hakusema marahaba. Kwanza aliniita jina langu la nyumbani. Baba alikuwa Mgogo, lakini mama ni Msandawe, na jina alilonipa nikiwa mgongoni kwake linaanza kwa mlio wa ulimi ambao herufi hizi hazina. Siwezi kuliandika hapa. Kanada hakuna aliyewahi kulisikia. Nilipoitika, ndipo akanipokea: "Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Wote?"

"Niko peke yangu, mama. Nimekuja na begi tu."

Alinishika uso kwa viganja viwili, akauachia.

Dada yangu Paskalina anaishi nyumba ya jirani, ana miaka miwili zaidi yangu na mdomo wa watu wanne. "Bosi wa barafu!" akanipokea. "Tulidhani utakuja na kichwa cheupe. Koti hilo la nani? La kufugia mbwa?" Nikavaa koti, nikamzungukia uani kama mwanamitindo, wakacheka mpaka mama akakaa chini.

Jioni mama alinionyesha ghala. Lina kuta za udongo na bati juu, alijenga baba. Mtama mweupe wa kula ulikuwa mbele, magunia kumi na manane. Nyuma kabisa, kwenye kona, lilisimama gunia moja lililojaa nusu tu, limefungwa kitambaa chekundu mdomoni. Humo mlikuwa na mtama mwekundu, mbegu ya baba, ambayo yeye alipewa na babu, na ambayo siku hizi huipati tena dukani wala kwa jirani. Mwaka ule wa njaa mtama mweupe ulikauka wote, huu ukasimama.

"Jumamosi gari lako la kunihamisha linakuja," mama akasema. "Kabla sijapanda, nitalikabidhi gunia hili kwa Paskalina mbele yako. Likiwa salama nitaondoka na moyo mmoja. Lisipokuwa salama, Ipagala mtanisamehe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ghala ndiyo fani yangu.

Alhamisi asubuhi mama na Paskalina walikwenda kupiga alizeti shambani, mimi nikaachwa nipumzike kama mgeni. Paskalina aliniwekea uji wa moto kwenye kigoda chini ya ukuta, upande wa jua. Ilikuwa saa moja kasoro. Nilishika kikombe, nikapuliza mara moja.

Nilipotaka kunywa, uji ulikuwa wa baridi na umefanya ngozi. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimevuka ua na kusimama upande wa pili. Ilikuwa saa tisa alasiri. Sikuwa nimelala, kwa maana mtu aliyelala huamka, na mimi sikuamka. Nilikuwa tu nimekaa pale pale, kikombe mkononi, na mabega yalikuwa yakiniuma kwa ndani. Kuku walikuwa wamesimama mbali nami kwa mstari mmoja, shingo juu.

Wanawake waliporudi, Paskalina aliingia ghalani kuchukua mtama wa kusaga. Alitoka mikono kiunoni. "Kaka, nani amepanga magunia?"

Tulikwenda kuona. Yalikuwa yamelazwa kwa safu za kupishana, tano kwa tano, midomo ikitazama ndani, nyuso zikiwa sawa kama ukuta uliopigwa lipu. Kazi safi. Nilisema hivyo kwa sauti.

"Safi ya nani?" dada akauliza. "Mimi nilikuwa na mama. Mama alikuwa na mimi."

"Basi kuna mtu anaingia humu. Anapanga ili ahesabu, ahesabu ili aibe. Huo ni ujuzi, Paskalina, nimeusomea." Nikaenda dukani, nikanunua kufuli kubwa kuliko yote, nikafunga ghala mbele yao. Ufunguo niliutia kwenye uzi, nikauvaa shingoni. "Sasa aje."

Paskalina alikuwa ameshachota debe lake kwenye gunia la mbele na kuondoka nalo mashineni.

Ijumaa ikawa vile vile. Uji, pumzi moja, kisha jua liko upande wa pili na mabega yanawaka. Safari hii kucha zangu zilikuwa na pumba za mtama. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni. Nilifungua ghala kwa mikono yangu, na magunia yalikuwa yamehama tena, safu mpya, za nyuma mbele, za mbele nyuma. Kule kazini kwetu sheria ya kwanza ni hiyo: kilichokaa zaidi ndicho kitoke kwanza. Sheria ya pili ni kutoacha gunia nusu, unalijazia mpaka likae sawa na wenzake. Nilisimama mlangoni nikizikumbuka sheria hizo moja moja.

Paskalina alikuja mbio kutoka kisimani, ameiacha ndoo. "Kaka, yule mchunga ng'ombe wa jirani amepita hapa mchana. Anasema ameona mtu ndani ya ghala letu. Amemsalimu, hakuitika. Alikuwa amevaa koti. Zito, la buluu. Jua kali vile, na mtu yule alikuwa akitetemeka kwa baridi."

"Koti langu liko kwenye begi."

"Katazame."

Nilikwenda peke yangu. Koti lilikuwa ndani ya begi, limekunjwa vizuri, zipu imefungwa. Nilipolishika kwenye kola, lilikuwa limelowa jasho. Lilikuwa bado vuguvugu.

Nilirudi uani nikamwambia dada yangu kwamba liko pale pale, kavu. Sijui kwa nini nilidanganya. Labda mtu aliyepanda ngazi kwa nguvu zake mwenyewe hapendi kuulizwa mikono yake ilikuwa wapi.

"Mimi nitasema, na unicheke," Paskalina akasema kwa sauti ya chini. "Unaamka umechoka. Mwili una kazi ambayo wewe huijui. Hapa kwetu mtu wa hivyo tunasema anatumikishwa. Msukule si lazima awe kaburini. Wengine wanakula na sisi mezani."

"Msukule hulimishwa usiku, dada. Huyu kaonekana jua la saa sita."

"Kwani saa sita ya hapa, huko ulikotoka ni saa ngapi?"

Hesabu niliijua: saa tisa usiku.

Jioni ile ugali uliletwa kwenye sinia, na mama akanawa. Alimega tonge, akalisogeza kwenye mwanga wa taa, akalirudisha. Ugali ulikuwa na wekundu, kidogo tu, kama maji yaliyooshewa kidonda.

"Paskalina. Mtama huu umeutoa wapi?"

"Gunia la mbele, mama. Debe la jana. Kama kawaida."

Mama aliinuka bila kushika ukuta, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kwa mwaka mzima. Tulimfuata ghalani na taa. Gunia la kona halikuwa kwenye kona. Tulifungua moja baada ya jingine mpaka tukalipata, liko kwenye safu, limejaziwa, kitambaa chekundu kimegeuziwa ndani. Mtama mwekundu ulikuwa umechanganywa na mweupe, na juu kabisa palipungua debe.

"Tumekula mbegu," mama akasema.

Kwa mkulima hakuna sentensi nzito kuliko hiyo. Paskalina alianza kulia. Mama hakulia. Aligeuka, akaniangalia ufunguo kifuani, kisha akaniangalia mikono, kama yule mama wa kwenye ndege.

Jumamosi, siku ya kuhama, waliaga tena asubuhi kwamba wanakwenda kumalizia alizeti kabla gari halijaja. Niliwekewa uji. Nilijiapiza kwamba safari hii sitapepesa. Nilikaza macho kwenye kikombe, nikauona mvuke ukipanda, ukipanda, na mvuke ule ukawa mweupe na mwingi kama ule unaotoka mlango wa chumba cha baridi unapofunguliwa.

Kisha nikasikia mlio wa ulimi.

Ulikuwa mdogo, kama mchanga uliogonga bati. Ukafuatiwa na jina lililobaki. Ukarudiwa. Nilifungua macho ambayo yalikuwa wazi. Nilikuwa nimesimama ndani ya ghala, gunia begani, koti limefungwa hadi kidevuni, meno yakigongana kwa baridi. Bati la juu lilikuwa likilia kwa joto. Mama alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, hatua mbili mbele yangu, na Paskalina alikuwa mlangoni, kanga mdomoni.

"Tua hilo gunia," mama akasema. Nikalitua. Akanishika mikono. "Baridi kama ya maiti. Paskalina, mvue hilo dude."

"Niko hapa tangu lini?"

"Tangu saa moja. Hatukwenda shambani, tulikuvizia," Paskalina akajibu, akihangaika na zipu, asinitazame machoni. "Ulifungua kufuli mwenyewe. Ulikuwa unahesabu Kizungu. Ukifika arobaini unaanza upya. Nilikuita kaka, kimya. Nikakuita Yohana, ukapita kama mimi ni nguzo. Nikasoma hapa kifuani, nikaita Joni."

"Nikafanya nini?"

"Uligeuka upesi. Ukatabasamu. Ukasema, nakuja, bosi."

Mama aliniuliza swali moja tu. "Nani anakutumikisha, mwanangu? Mtaje. Tutamwendea tumwombe."

Ningeweza kumweleza habari za saa tisa, za mwili kutobadilika haraka, za mtu aliyekosa usingizi kutembea macho wazi bila kuwapo. Yote hayo ni kweli, na nimeyasoma. Lakini alikuwa ameshika mikono yangu na alikuwa akiipasha.

"Hakuna mtu, mama. Zamu ile niliiomba mwenyewe. Wenzangu waliikataa, mimi nikasema nipeni."

Alifikiri. "Basi huyu ni mgumu," akasema. "Mchawi wa jirani ana nyumba, unaijua njia yake. Huyu wako tutamwendea wapi?"

Gari lilipofika saa nane, mama alilirudisha. "Siendi kulala nyumba moja na mtu ambaye nusu ya mchana simfahamu," alimwambia dereva. "Na mbegu yangu haijapata mahali. Mwambie tajiri yako atatafutwa."

Sikubishana. Nilikuwa nimewaambia watu arobaini kwamba nitafika nikiwa timamu.

Dawa mama aliitoa mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya saa moja alitandika mkeka nje, uso kwa uso na jua, akaleta nyungo mbili na kumwaga, kibaba baada ya kibaba, ule mtama uliochanganyika. Kazi yangu ilikuwa kuchambua, punje nyekundu huku, nyeupe huku, kwa kidole kimoja. Ni kazi ambayo haipangiki, haijazwi, haina safu. Kila baada ya muda aliniita kwa jina lile, nami sharti niitike na kumwambia kitu ninachokiona. "Naona mbuzi wa Paskalina." "Naona chamchela kule." "Naona kovu lako la kisu, mama." Nikichelewa, alinirushia punje usoni. Mchana nilikatazwa kukaa ndani, na usiku nilikatazwa kutoka, hata nikiwa macho kama popo.

Siku ya pili bado nilizama. Nilipozinduka nilikuta nimezipanga punje tano kwa tano kuzunguka ungo mzima, na mama ananiita kwa sauti iliyokwisha kukauka. Siku ya nne baridi ilinishika saa ile ile, jua likinipiga shingoni, na niliusikia waziwazi mlango mkubwa wa chuma ukifunguka nyuma yangu. Hapo nyuma hapakuwa na kitu ila uzio wa miiba. Paskalina alikuwa akipita na maji. "Usigeuke, bosi wa barafu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. Siku ya sita nilisikia njaa mchana. Siku ya tisa nililala usiku kucha, na asubuhi mama alipoita mara ya kwanza niliitika kabla hajamaliza.

Siku tisa kwa zile saa tisa za tofauti. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila niliifanyia mahali pasipo pake.

Mbegu tuliyoiokoa haikufika nusu ya gunia. Ile tuliyokula hatukuipata. Mama aliitia kwenye vibuyu vitatu, akaziba midomo kwa majivu na udongo, akamkabidhi Paskalina mbele yangu. "Mwaka huu utapanda kijieneo tu," alimwambia. "Ukivuna, usile hata punje. Mwaka unaofuata itakuwa imerudi." Kisha akanigeukia. "Na wewe vibuyu hivi usiviguse hata ukiwa macho."

Koti nililiacha. Paskalina aliuvalisha mti wa zizi la mbuzi limtishe fisi. Tulipoondoka upepo uliliingia, likajaa kifua, na mikono yake miwili ikanyanyuka pamoja mpaka usawa wa bega, ikashuka, ikanyanyuka. Dereva alipunguza mwendo kutazama. "Twende," mama akasema. Hakugeuza shingo, nami pia sikugeuza. Tulipoishika lami ndipo alipoanza kuuliza Ipagala maji hutoka siku gani.

Sasa ni mwezi wa pili tuko mjini. Mama analisifia geti, analifungua na kulifunga bila sababu. Nimepata kazi ya kuwashauri wenye maghala ya nafaka, na naifanya vizuri, wanaonijua hawatashangaa. Kila asubuhi saa moja mama ananiita kutoka chumbani kwake, naitika kutoka changu, siku inaanza.

Wiki iliyopita nilisikia naitwa nikiwa napiga mswaki. "Naam, mama," nikajibu.

Mlango wake ulifunguka. Alikuwa bado na usingizi, nywele hazijafungwa. "Sijakuita," akasema.

Tulisimama hivyo, mimi na povu mdomoni, tukisikiliza. Kisha akaniita yeye mwenyewe, kwa lile jina lisiloandikika, polepole, nami nikaitika, akaenda kuwasha jiko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaorudi ni huu. Kunyweni maji, kaeni juani asubuhi, msilale mchana. Hayo mtayasikia popote. Lakini ukishatua, mtafute mtu aliyekujua kabla hujawa yeyote, mpe kazi ya kukuita. Na ukisikia jina lako, kabla hujaitika, hakikisha kwanza ni la nyumba gani.